Rangi Nyekundu kwenye Kabureta

Dire Dawa, Tikimt 14, 1988

Kwako Gashe Demissew, baba yangu mdogo,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, Mungu asifiwe. Mama, Emaye wetu, mguu bado unamsumbua, ila anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi, na akirudi anagomba, kwa hiyo ni mzima. Mbuzi wa jirani amekula nusu ya koti la baba lililokuwa limeanikwa uani. Emaye amelililia koti kuliko alivyomlilia baba msibani. Natumaini mkeo na watoto wote ni wazima, na mgongo wako umekuachia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Barua yako kwa Emaye nimemsomea mimi, macho yake unayajua. Unasema Pejo ya baba iuzwe, injini imekufa, na mnunuzi umeshampata huku huku, Ato Lemma. Ato Lemma tunamjua, Gashe. Yeye hanunui magari, ananunua vyuma. Atalikata 404 la baba kwa moto mbele ya mlango wetu, na paa lake litakuwa banda la kuku la mtu.

Mimi nasema haliuzwi. Nimeacha ukarani wa stesheni na nimechukua leseni ya teksi. Madereva wa foleni ya stesheni wamecheka mpaka wakashika matumbo. Robleh, ambaye alipanga foleni nyuma ya baba miaka kumi na minane, ameniambia, "Yeshi, gari hilo limemshinda baba yako, litakuwezaje wewe?" Nikamwambia asogeze lake nipite. Basi halikupita. Lilikohoa mara mbili likazimika palepale, wakaanza kucheka upya.

Emaye amekata shauri mbele ya padri. Gari likiwa linatembea ifikapo kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha baba, mwezi wa Ginbot, ni langu. Kama halitembei, ni la Ato Lemma. Na kitabu cha umiliki wa gari kiko kwako tangu baba alipokuja Addis kutibiwa macho, kwa hiyo naomba ukitunze, usimpe mtu.

Wewe ndiye fundi wa kabureta ambaye watu wanavuka jiji zima kumfuata. Gari likiwa baridi linawaka. Ukikanyaga mafuta linasita, linakohoa kupitia juu kwenye kabureta, halafu linapata joto kupita kiasi. Nimetoa plagi nikakuta ni nyeupe kama chokaa. Niambie nianzie wapi.

Mwanao,
Yeshimebet Zewdu


Addis Ababa, Hidar 3, 1988

Mwanangu Yeshimebet,

Barua yako imefika imechelewa, treni ilikwama Awash siku nne. Sisi ni wazima. Huku baridi imeanza, asubuhi wanafunzi wangu wanaota moto wa tairi badala ya kufanya kazi. Mke wangu anakusalimu sana na kumtumia Emaye pilipili ya berbere, kaa ukijua ni kali.

Nimesoma habari zako na sikuzipenda. Kazi ya teksi si ya binti wa ukoo wa Arega. Utakaa kwenye foleni na watu wanaotafuna miraa tangu adhuhuri? Baba yako hakukusomesha kwa ajili hiyo.

Kuhusu injini, hiyo ni kazi ya kuifungua yote. Gari lina umri mkubwa kuliko wewe. Valvu zimeungua na ringi zimekwisha. Nilimwambia marehemu akiwa hai. Ato Lemma ametoa bei ya heshima, na Emaye anahitaji kutibiwa mguu.

Ukitaka kujichosha, angalia kama kuna mahali inavuta hewa kwenye gasketi ya manifoldi, na uangalie pampu kama inaleta mafuta ya kutosha. Ila kabureta usiiguse. Niliifunga kwa mikono yangu kaka alipokuwa hapa mwaka juzi, na skrubu zake nimezitia rangi nyekundu kama kazi zangu zote. Palipo na rangi yangu hapahitaji mkono mwingine.

Ni mimi baba yako mdogo,
Demissew Arega


Dire Dawa, Hidar 20, 1988

Kwako Gashe,

Salamu kwa wote. Berbere imefika. Emaye amepiga chafya tangu alipofungua mfuko hadi alipokwenda kulala, na anasema mkeo ana mkono mzuri. Mguu ni ule ule. Anasema pia hakumwomba mtu yeyote auze gari kwa ajili ya mguu wake, na amenisisitiza niandike hivyo hivyo alivyosema.

Nimefanya uliyosema. Injini ikiwa inawaka, nilichukua brashi ya kupakia rangi na maji, nikapaka kwenye maungio yote ya manifoldi na chini ya kabureta. Kama panavuta hewa, maji yangevutwa na mlio ungebadilika. Haukubadilika. Nikachomoa bomba la mafuta, nikaliingiza kwenye kopo la nyanya, Emaye akazungusha ufunguo huku akisali. Pampu ilirusha petroli mpaka ikaniingia kwenye mkono wa gauni. Chujio ni safi. Mgandamizo nao nimepimiwa na fundi wa karakana ya reli, silinda zote nne ziko sawa, kwa hiyo hizo valvu na ringi ulizoziona kutoka Addis, Gashe, umeziona peke yako.

Kuna jambo jingine. Kwenye kirungu cha choki nilikuta kibanio cha nguo. Nilidhani ni cha Emaye, kimeanguka humo. Nikakitoa, gari likazidi kukohoa. Nikavuta choki nusu nikakirudisha, likatulia kidogo. Choki kazi yake ni kuziba hewa. Kwa hiyo gari lina hewa nyingi na mafuta haba, lina njaa tu, halijafa.

Nikamuuliza Robleh kuhusu kibanio. Akacheka kwanza, halafu akaacha. Anasema mwaka mzima wa mwisho baba aliendesha choki ikiwa imevutwa, katika jua la hapa, na foleni nzima ilimwita Ato Kibanio, Bwana Kibanio. Mtu aliyewatengenezea injini zao bure miaka yote. Siku moja Robleh alimuuliza gari lina nini, baba akamjibu, "Gari halina kitu. Mikono yangu ndiyo imezeeka." Sikulijua hilo. Nilikuwa naye nyumba moja, nikila naye sahani moja, na sikulijua.

Kabureta sijaigusa, kwa kuwa umesema. Lakini sehemu nyingine zimeniishia. Niambie.

Yeshimebet


Addis Ababa, Tahsas 8, 1988

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Mtoto wa mwisho ana kikohozi. Nina kazi nyingi hadi Genna, Krismasi yetu, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Petroli ya siku hizi ni mbovu, wanaichanganya. Ni hilo tu. Ato Lemma amenipigia simu gereji na yuko tayari kuja kabla ya sikukuu. Msimsumbue mtu mwenye subira. Na mambo ya kibanio waachie madereva, marehemu tumuache apumzike.

Demissew


Dire Dawa, Tahsas 24, 1988

Kwako Gashe,

Heri ya Genna mapema, na kikohozi cha mtoto kipone. Ato Lemma alikuja. Emaye alimpa kahawa vikombe vitatu, hakumruhusu atoke uani, na alipomaliza cha tatu akamwambia kwaheri. Salamu zako alitufikishia.

Sasa sikiliza. Tahsas 19 nilimpeleka Emaye Kulubi kwenye sikukuu ya Mtakatifu Gabrieli, pamoja na mama wawili wa kanisani. Foleni nzima ya stesheni ilituaga kwa mbinja. Robleh alisema atanifuata na kamba ya kuvutia. Kwenye kona za mwanzo za mlima gari lilikufa mara tatu. Mahujaji waliokuwa wakipanda kwa miguu walitupita, mmoja amebeba jiwe mgongoni kwa nadhiri, naye akatuhurumia sisi.

Halafu kadiri tulivyopanda, gari likaanza kupona. Kufika Dengego, juu mlimani, lilikuwa limetulia kabisa. Nikatoa kibanio nikarudisha choki ndani, nikakanyaga mafuta, likaitika. Halikukohoa tena hata mara moja hadi Kulubi. Emaye alisema ni Gabrieli, wale mama wakapiga vigelegele mpaka masikio yangu yakaziba. Nikashukuru nami, sina ubishi na malaika.

Lakini jioni tuliteremka, na tulipoanza kuyaona mabati ya Dire Dawa likaanza kukohoa tena. Nimewaza siku tano. Gabrieli hawezi kuponya gari Dengego akalitia ugonjwa huku chini. Juu hewa ni nyembamba, huku chini ni nzito. Gari hili limepimiwa mafuta ya kutosha hewa ya juu tu. Dire Dawa hewa inazidi, mafuta hayatoshi.

Addis nako ni juu, Gashe.

Nakuuliza kama fundi, sikuulizi kama baba mdogo. Ulipoifunga kabureta ile, uliweka jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, ya ukubwa gani?

Yeshimebet


Dire Dawa, Megabit 2, 1988

Kwako Gashe,

Salamu. Tuko kwenye mfungo mkuu, tunakula mchuzi wa unga wa dengu, shiro, mpaka unatoka masikioni. Mguu wa Emaye umepungua uvimbe. Dada yako wa Nazret amejifungua pacha, bila shaka unazo habari.

Miezi miwili na zaidi hukunijibu. Nilimuuliza mlinzi wa treni, ambaye barua zetu hupitia mkononi mwake, kama barua yangu ilipotea. Akasema alikukabidhi wewe mwenyewe gereji, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia mfukoni na kurudi chini ya gari. Kimya chako nimekisoma basi, na hakina maandishi mengi.

Rangi yako nyekundu nimeikwangua kwa kisu cha Emaye cha vitunguu. Ndiyo, nimegusa. Nilitoa jeti nikaiangalia juani. Tundu lake limezibwa kwa risasi ya kulehemu, kisha likatobolewa jipya, dogo. Kazi safi, sikufichi. Ya Addis, ya kubana petroli. Huku chini ni kamba shingoni.

Nilichukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nikaupaka majivu na mafuta, nikaupitisha kwenye tundu taratibu, huku na huku. Kisha nikarudishia jeti, nikaenda hadi daraja la Dechatu na kurudi, nikatoa plagi kuziangalia. Bado nyeupe. Nikaongeza. Nimefanya hivyo mara kumi na moja, kwa siku sita. Ukizidisha huwezi kupunguza, kwa hiyo nilikwenda kwa woga. Mara ya kumi na moja plagi zilitoka na rangi ya mkate uliookwa vizuri. Nikamwita Emaye azione. Hakuelewa kitu, akalia hata hivyo.

Ijumaa niliingia foleni, choki ndani, saa saba mchana. Nilimpita Robleh kwenye mwinuko wa Sabian nikiwa na abiria sita na magunia mawili.

Sina furaha lakini. Nina hasira, na nakuambia wazi. Baba alijilaumu bure. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Alikuandikia? Nataka kujua hilo tu. Alikuandikia kwamba gari linakohoa?

Yeshimebet


Addis Ababa, Megabit 25, 1988

Mwanangu Yeshimebet,

Salamu kwenu. Habari za pacha ninazo. Mke wangu amekasirika nami, amesoma barua yako.

Aliniandikia. Mara mbili.

Nitakueleza, usinikate. Magari yote yanayopita mikononi mwangu ni ya Addis. Mkono unafanya bila kuuliza. Kaka alikuwa kwangu, macho yake yamefungwa bandeji, nikataka kumfurahisha, nikalihudumia gari lake kama ninavyohudumia mengine, nikambania petroli. Sikukumbuka anaishi wapi. Ndugu yangu wa tumbo moja, sikukumbuka anaishi wapi. Barua ya kwanza ilipofika niliwasomea wanafunzi kwa sauti, nikacheka, nikamjibu kwamba siku hizi mguu wake ni mzito kwenye mafuta. Ya pili ilipofika nilikuwa nimeshaelewa. Lakini nilikuwa nimeshamcheka. Nikasema nitakwenda mwenyewe sikukuu ya Meskel nimbadilishie kimyakimya, asijue. Hakuifikia Meskel.

Ndiyo maana nilitaka gari likatwe.

Ndani ya mfuko wa unga wa shiro unaokuja na barua hii nimeshonea kitambaa. Mna jeti yake ya asili, nilikuwa nimeitunza kwenye kiberiti. Irudishe mahali pake. Kitabu cha gari nacho nitakituma kwa mlinzi wa treni, kiwe chako, na kwa Emaye nitasema mwenyewe neno zuri. Nakuomba kitu kimoja. Jambo hili liishie kati yangu na wewe. Nina wanafunzi sita na jina nililolijenga miaka thelathini. Waliomcheka kaka hawana faida ya kujua leo.

Demissew


Dire Dawa, Miazia 8, 1988

Kwako Gashe,

Heri ya Fasika. Tumefungua mfungo juzi kwa kuku ambaye Emaye alimpika siku mbili, na nimekula mpaka nikaona aibu. Pacha nasikia wamebatizwa.

Jeti nakurudishia. Imo kwenye kiberiti kile kile, mlinzi wa treni amekula kiapo hataipoteza. Sihitaji. Niliyoitoboa mimi inatosha, na inanikumbusha.

Kitabu cha gari usikitume, kilete. Nakitaka, wala sikuombi kama zawadi. Kumbukumbu ya baba ni Ginbot 12. Asubuhi tutakwenda kanisani, kisha watu watakula kwetu. Lakini kabla ya kula utakwenda nami stesheni, kwenye foleni, na utawaambia Robleh na wenzake ulichoniandikia mimi. Kwa mdomo wako. Siwezi kukusemea, watadhani binti anamtetea baba yake.

Unasema hawana faida ya kujua. Baba yangu alishuka kaburini akiamini hajui tena kazi yake. Wewe unaogopa wanafunzi sita. Yeye alipita mbele ya foleni nzima kila siku, kibanio kikionekana, na alienda kazini.

Usipokuja, sitakusema vibaya kwa mtu. Na kitabu baki nacho. Nitaendesha bila kitabu, na trafiki wakinikamata nitawaambia kiko kwa baba mdogo, anakitunza pamoja na rangi nyekundu.

Yeshimebet


Addis Ababa, Miazia 19, 1988

Mwanangu,

Sisi ni wazima.

Nimewaambia wanafunzi leo asubuhi, kabla hawajawasha moto. Nilitaka kuona kama mdomo wangu utaweza. Uliweza. Mmoja aliniuliza kwa hiyo magari yote ya watu wa miji ya chini tuliyowahi kuyabania petroli yakoje sasa.

Nakuja kwa treni ya Ginbot 10. Njoo na gari la kaka.

Demissew


Dire Dawa, Sene 11, 1988

Kwako Gashe,

Salamu nyingi. Emaye amepelekwa kwa daktari wa mguu, na nimempeleka mimi, kwa gari, choki ndani, na kitabu ulichokileta mkobani. Ameambiwa asitembee sana, na tayari amegombana na daktari. Mvua ya kwanza imenyesha tangu uondoke, barabara ya soko ni tope tupu.

Kuna ambayo hukuyaona kwa sababu ulipanda treni mapema. Ulipomaliza kusema pale kwenye foleni, kofia mkononi, ukaona kila mtu ameangalia chini, ulidhani wanakudharau. Sivyo. Walikuwa wanajiangalia wenyewe. Jioni Robleh alikuja nyumbani peke yake, akakaa uani mahali alipozoea kukaa baba, akasema, "Ato Zewdu alinifungia injini mara tatu hakunichukulia hata senti. Nami nikampa jina la kibanio." Akaomba nimpe kile kibanio akitundike kwenye gari lake. Nimemnyima. Nimekirudisha kwenye kamba ya nguo ya Emaye, ndiyo kazi yake.

Sikukuambia ahsante siku ile, kwa kuwa nilikuwa bado na hasira. Bado ninayo kidogo. Lakini ulikuja na ukasema, na nimeliona hilo.

Sasa jambo jipya. Jumatatu limekuja gari kutoka Addis, mwenye nalo amehamia huku kwa kazi ya saruji. Linakohoa. Mafundi watatu wamemwambia injini imekufa, auze. Sikumwacha amalize. Nilifungua boneti nikaona rangi nyekundu kwenye skrubu. Nikaikwangua kwa kisu cha vitunguu, nikatoa uzi wa breki, na safari hii ilinichukua mara nne tu. Hili ni gari la pili lenye rangi yako, kwa hiyo waambie wanafunzi wako wawe wanauliza kwanza gari linakokwenda.

Mwenye gari alilizungusha hadi Dechatu na kurudi, akashuka anacheka. Akauliza nani amenifundisha kazi hii. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Robleh akanitangulia kujibu.

"Baba yake," akamwambia. "Ato Zewdu Arega. Huyo alikuwa na mikono."

Mwanao,
Yeshimebet Zewdu